Sauti Iko Chini Yangu

Gari lilikuwa linapiga ngoma chini ya miguu ya Mama Pacha, na mbele wanaume wawili walikuwa wanabishana ngoma inatoka wapi.

"Hiyo injini," Sikio alisema. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, dirisha wazi, kiwiko nje, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. "Kanyaga tena. Enhe! Umesikia? Injini hiyo, mdogo wangu."

Baba Pacha akakanyaga mafuta. Gari likajikaza kupanda kilima, na ile sauti ikaja, du-du-du-du, nzito, ya haraka, kama mtu aliyefungiwa chini ya sakafu anagonga afunguliwe. Mguu ukilegea, kimya. Mguu ukikaza, du-du-du-du.

"Shemeji," Mama Pacha alisema kutoka nyuma, mafurushi ya mashuka machafu yamembana mpaka magoti yanakaribia kidevu, "sauti haitoki huko mbele. Iko huku. Iko chini yangu."

"Chini yako kuna kiti," Sikio alisema bila kugeuka.

"Basi chini ya kiti. Mimi naisikia mpaka kwenye makalio."

Wanaume wakacheka. Baba Pacha alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeshika usukani, lakini Sikio alicheka mpaka akapiga dashibodi. "Makalio! Jamani, sisi wengine Mungu katupa masikio, shemeji yangu kapewa makalio!"

Mama Pacha akabana furushi la mataulo lililotaka kumwangukia, akaangalia nje. Du-du-du-du, mpaka nyumbani.

Sasa huyu Sikio, jina lake hilo alilipata ujanani alipokuwa utingo wa malori. Inasemekana siku moja alisikia tairi linatoa upepo kabla dereva hajahisi kitu, akapiga bodi lori likasimama, watu wakapona. Labda ni kweli. Lakini tangu siku hiyo hajashika spana wala jeki, na mtaa mzima hauuzi gari wala kununua mpaka yeye aje ainamishe kichwa, afumbe jicho moja, aseme hili zima, hili bovu. Ndiye kaka mkubwa wa Baba Pacha. Gari lile la nyuma refu liliponunuliwa, yeye alichangia magurudumu. Hela ya kwingine kote, kuanzia usukani mpaka taa za nyuma, ilitoka kwenye mikono ya Mama Pacha. Lakini kaka alichangia magurudumu, na aliingia kwa magurudumu akatokea kwenye kiti cha mbele, na hapo hakutoka tena.

Na mikono hiyo ya Mama Pacha ungeiona. Nguo unazozijua wewe ni zako na za wanao. Nguo za nyumba ya wageni ni kitu kingine. Mtu kalala usiku mmoja, kamwaga chai, kapangusia viatu taulo, kaondoka, na shuka linatakiwa lirudi jeupe kama halijawahi kuguswa na binadamu. Mama Pacha alifua kwa mkono, kwenye mabeseni saba uani, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana mpaka mapacha wake, wasichana wale wawili wa shule, walipenda kuishika wakisema mama una mikono ya bibi. Alikuwa anaweka akiba anunue mashine. Aliitaja ile mashine kama mtu anavyomtaja ndugu aliye safarini: ikija hiyo mashine, ikifika hiyo mashine.

Mambo yalikwenda hivi. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima. Nyumba ya wageni ilikuwa chini, na gereji ya Fundi ilikuwa huko huko chini, barabara tambarare. Asubuhi gari lilishuka na mashuka safi, mepesi, mguu haujagusa mafuta, gari linatambaa lenyewe. Kimya kabisa. Chini wanapakia machafu, mazito, Mama Pacha anajibana katikati, wanapanda kilima, ngoma inaanza. Wakifika nyumbani mafurushi yanashushwa, Mama Pacha anashushwa, ndugu wawili wanageuza gari tupu kwenda kwa Fundi. Wanashuka kilima, kimya. Wanafika kwenye tambarare, Fundi anaendesha kidogo kwenda na kurudi, kimya, au kelele kidogo tu ya gari kuukuu. Kisha Sikio anaeleza alichosikia, Fundi anaitikia, na kitu kinabadilishwa.

Kwanza zikabadilishwa plagi. Du-du-du-du.

Kisha mauntini, zile raba zinazoibeba injini isitikisike. Fundi alisema zimekufa, zimekuwa kama biskuti. Zikafungwa nyingine. Du-du-du-du.

Kisha silensa, lile bomba la kutolea moshi. Sikio mwenyewe ndiye aliyeitia hatiani silensa. Ikakatwa, ikachomelewa nyingine. Du-du-du-du, na sasa na moshi juu yake, maana pale walipochomelea palibaki tundu, na moshi ukawa unapanda kupitia sakafu, unaingia kwenye mashuka.

Kila mara hela ilitoka kwenye mashine. Na kila mara Mama Pacha alisema maneno yale yale: iko chini yangu, na ilianza lilipotoka gereji kufungwa klachi. Kabla ya klachi gari lilikuwa zima. Mbona hamuulizi hilo?

"Klachi ni kitu kingine kabisa," Sikio alimjibu, kwa upole ule unaouma kuliko tusi. "Klachi iko mbele huko. Wewe unasema sauti iko nyuma. Sasa kipi ni kipi, shemeji? Chagua kimoja."

Siku moja Fundi alipiga simu wakiwa njiani, Baba Pacha akaiweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa anaendesha. Wakaongea mambo ya spea. Mwisho Fundi akasema, "Na huyo mama anayesikia kwa makalio hajambo? Mwambie aje nimwajiri, vipimo vyangu vimeharibika." Nyuma yake zikasikika sauti za watu wa gereji wanacheka. Watu ambao Mama Pacha hakuwajua, na wao wanamjua kwa kitu hicho.

Baba Pacha akazima simu. "Utani tu huo," alisema.

"Nani alimwambia?"

Baba Pacha akaangalia barabara. Sikio akaangalia dirisha lake.

"Nauliza, nani alimpelekea Fundi maneno yangu?"

"Mama Pacha, utani tu."



*

Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye funguo nyingi kiunoni zilizolia kabla hajafika. Asubuhi ile alilichukua shuka la juu kabisa, akalikunjua, akalipeleka puani. Alilinusa taratibu, hakuwa na haraka. Mbele ya wafagiaji wawili na mpishi aliyekuwa anapita.

"Nini hii?" aliuliza.

"Ni safi hayo, madamu. Nimeyafua mimi mwenyewe."

"Sikuulizi umefua au hukufua. Nakuuliza hii ni harufu ya nini." Akamsogezea mfagiaji mmoja. "Hebu nusa wewe."

Mfagiaji, binti wa watu, akanusa kwa aibu. "Moshi," alisema polepole.

"Moshi. Mgeni wangu alale kwenye moshi. Nimweleze nini, kwamba leo tumemweka gereji?" Mpishi akacheka puani. Msimamizi akalirudisha shuka kwenye furushi kwa ncha za vidole. "Juzi umechelewa, wageni wamekaa nje wanasubiri vyumba. Leo moshi. Dada, mimi nakuheshimu, unafua vizuri. Lakini kuna watu wa mashine wamenijia mara mbili hapa, na wana gari linalofungwa pande zote. Haya yote rudi nayo ukayasuuze upya. Yaje Ijumaa asubuhi mapema, yote, na yasinuke kitu. Ijumaa yakija hivi, au yasipofika, tumeachana."

"Yatafika, madamu."

"Na upitie mlango wa nyuma. Nimeshasema mara ngapi mafurushi hayapiti mapokezi."

Mama Pacha akabeba furushi lake, akapita nyuma ya jiko, pembeni ya mapipa. Baba Pacha alikuwa nje amesimama na gari, hakusikia kitu. Sikio alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi.

*

Jioni ile Baba Pacha alizunguka zunguka uani kabla ya kusema. Aligusa beseni, akagusa kamba, akalikaza fundo la kamba ambalo halikuwa limelegea.

"Fundi anasema ni giaboksi," alisema mwishoni.

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye mabeseni, anasuuza yale yale aliyoyasuuza jana. Hakunyanyua kichwa.

"Giaboksi nzima. Anayo moja kuukuu kidogo lakini nzuri. Kaka naye anasema ndiyo hiyo, sasa hana shaka."

"Jana kaka hakuwa na shaka na silensa."

"Sasa nifanye nini? Gari likikatikia njiani mashuka yatafikaje? Ijumaa si keshokutwa?"

"Unataka hela ya mashine."

"Iliyobaki tu."

"Iliyobaki tu!" Mama Pacha akasimama. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko. "Unajua iliyobaki ni ya nini? Ya mlango wa mashine. Plagi zimekula miguu yake, mauntini zimekula tumbo, silensa imekula kichwa. Umebaki mlango, na wenyewe mnautaka."

"Sasa unanipigia kelele kama mtoto."

"Nakupigia kelele kama kiziwi! Nimesema mara ngapi sauti inatoka wapi?"

"Wewe si fundi."

"Fundi mwenyewe hajaisikia! Kaka yako anamsimulia, yeye anafungua. Hivi mtu akiumwa tumbo anatuma jirani kwa daktari?"

Baba Pacha alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. "Gereji si mahali pa kwenda na wewe," alisema. "Watu wale midomo yao ni michafu."

"Midomo yao michafu nimeshaisikia. Mliwapelekea wenyewe." Akajifuta mikono. "Wale watoto wakitoka shule wanakaa wapi kwenye gari?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

Baba Pacha akalikaza tena lile fundo la kamba.

"Pale pale nilipo mimi. Hela utaipata. Kesho."

*

Kesho yake wakapakia machafu kama kawaida. Mama Pacha akajibana mahali pake, na furushi la mwisho akaliweka mapajani. Baba Pacha akawasha gari, akaelekeza pua kilimani.

"Hapana," Mama Pacha alisema. "Gereji."

"Si tunakushusha kwanza?"

"Sishuki."

Sikio akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kugeuka tangu gari linunuliwe. "Shemeji, gari haliendi kwa fundi limejaa matandiko. Ni aibu."

"Hela ninayo mimi, shemeji. Hapa, kifuani. Hela na mimi na matandiko tunakwenda pamoja. Asiyetaka ateremke, kilima kile pale, miguu anayo."

Sikio akamtazama mdogo wake amsaidie. Mdogo wake alikuwa anatazama kioo, na kwenye kioo alimwona mkewe, akageuza usukani.

Fundi alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Alipoona mafurushi na mwanamke katikati yake akapanua mikono. "Karibuni, karibuni! Leo tumeletewa na nguo za kufua? Mama, shuka basi, tushushe mzigo, nilipandishe gari kwenye shimo nianze na giaboksi."

"Hushushi kitu," Mama Pacha alisema. "Kamata usukani. Twende kilimani, hivi hivi lilivyo."

"Hivi hivi na mzigo?"

"Hivi hivi na mzigo. Ugonjwa uko mzigoni, wewe kila siku unatibu gari tupu. Baba Pacha, njoo ukae huku."

"Huku wapi?"

"Huku nyuma. Nitakusogezea."

Watu wa gereji waliacha spana zao. Mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilitakiwa isikike, "Ndiye yule wa makalio." Mama Pacha akamgeukia pale pale. "Ndiye mimi. Una lingine?" Yule mtu akainama akatafuta kitu kisichokuwepo chini.

Baba Pacha akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akapanda juu ya furushi la mataulo yaliyonuka jasho la watu wa mbali. Hakuwahi kukaa nyuma ya gari lake mwenyewe. Hakujua kwamba ukikaa pale goti linagonga kiti cha mbele, wala kwamba upepo haufiki, wala kwamba Sikio akirudisha kiti chake nyuma kidogo apumzike, anakuponda miguu.

Fundi akaendesha. Kwenye tambarare, kimya. "Mnaona?" Fundi alisema. "Gari zuri." Wakafika mguuni mwa kilima, akakanyaga.

Du-du-du-du-du.

Baba Pacha akaruka kama aliyekalia siafu. Akashika sakafu kwa viganja. Ile ngoma haikuwa sauti tena pale, ilikuwa kitu kinachompiga mtu kwenye nyayo, kinampanda kwenye mgongo, kinamtikisa meno. Akamtazama mkewe. Mkewe hakumtazama, alikuwa ameshika furushi lake, uso mkavu, kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

"Giaboksi hiyo," Fundi alipaza sauti kutoka mbele. "Hata mtoto anasikia."

"Giaboksi," Sikio akaitikia.

"Hapana," Baba Pacha alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Iko huku. Iko chini yetu."

Fundi akaacha mafuta, gari likanyamaza. "Chini kabisa?"

"Chini ya sakafu. Katikati. Inapiga sakafu yenyewe."

"Aha," Fundi alisema. "Kama ni hivyo basi tuangalie propela."

Hivyo tu. Wiki tatu Mama Pacha alisema yeye, likawa la kuchekea mpaka kwa watu asiowajua. Mume wake amelisema mara moja, na mtu anasema aha.

*

Gari likawekwa juu ya shimo. Propela ni lile bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi, linapita chini ya sakafu, linakwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Katikati ya safari yake limeshikwa na beringi ndani ya raba, na raba ndani ya chuma kilichofungwa kwenye sakafu. Fundi akaingia shimoni na tochi. Akakaa huko. Akakaa sana kuliko mtu anayetafuta.

Akatoka anajifuta mikono. "Ni kitu kidogo," alisema, na alimwambia Sikio, si mwenye gari.

"Nionyeshe," Mama Pacha alisema.

"Mama, kuna grisi huko."

"Mimi nafua matapishi ya wageni. Grisi haitaniua. Nionyeshe."

Akateremka shimoni na viatu vyake vya plastiki. Fundi akamulika. Kile chuma kinachoshika propela kilikuwa na matundu mawili ya bolti. Moja lilikuwa na bolti. Moja lilikuwa tupu. Chuma kilikuwa kinaning'inia upande mmoja, raba imeshaanza kuchanika, na kwenye sakafu juu yake, pale pale anapokaa mtu wa katikati, pamepondeka, pamekuwa peupe kwa kugongwa.

"Bolti ya hapa iko wapi?"

"Itakuwa ilidondoka. Barabara zetu hizi, mama."

"Hii nyingine mbona imekaza?"

"Ah, hizo ni bahati."

"Ukifunga klachi, hili bomba linatoka au halitoki?"

Fundi akakohoa.

"Nakuuliza wewe fundi. Linatoka au halitoki?"

"Linatoka. Lazima litoke ili giaboksi ishuke."

"Na klachi yetu alifunga nani?"

Juu ya shimo mtu alikuwa ameizima redio ya gereji. Baba Pacha alikuwa amechuchumaa ukingoni, anaangalia lile tundu tupu.

"Lingekatika," alisema. "Kaka, lingekatika hili. Kwenye kilima, limejaa."

"Halikukatika," Sikio alisema.

"Watoto wangu wanakaa hapo."

"Si nimesema halikukatika?"

Fundi aliona upepo unakovuma, akatabasamu. "Basi tusigombane. Naweka bolti mbili mpya na raba nyingine, dakika chache tu. Na hii, mama, sikutozi. Bure. Leo nimekusamehe."

"Umenisamehe?"

"Yaani hela, mama, sina maana..."

"Umenisamehe mimi?" Alikuwa bado shimoni, kichwa chake usawa wa miguu ya wanaume, na wote walirudi nyuma hatua. "Ulifunga bolti moja ukaenda kula. Nikalipa. Ukabadilisha plagi za kosa lako, nikalipa. Ukabadilisha mauntini za kosa lako, nikalipa. Ukakata silensa, moshi ukaingia kwenye mashuka ya watu, nikanuswa mimi kama samaki mbele ya mpishi! Ukanitangaza kwa watu wako! Halafu mimi ndiye wa kusamehewa! Nimekukosea nini, kukaa juu ya bolti yako?"

Mama Pacha akatoka shimoni, akapangusa mikono, na hapo ndipo alipoinua macho akaona ukutani, kati ya vitu vya kuuza, silensa imetundikwa. Ilikuwa imefungwa waya wa kijani. Waya ule aliujua. Ulikuwa wa kamba yake ya kuanikia, Baba Pacha aliukata akaifungia silensa mwaka uliopita, wakagombana kutwa nzima.

"Ile si silensa yangu?"

"Zile kuukuu huwa..."

"Ulisema umeitupa. Na mauntini umezitupa wapi?"

Baba Pacha ndiye aliyekwenda mwenyewe kwenye rafu, akasogeza makopo, akarudi na mauntini mbili zilizofutwa vizuri kwa mafuta zing'ae, na plagi nne kwenye kikopo. Mama Pacha akachukua mauntini moja, akaibinya kwa vile vidole vyake vya beseni. Ilikuwa ngumu, haikuwa na hata unywele wa ufa.

"Hii ndiyo biskuti?" alimuuliza Fundi. "Hebu itafune."

Akafungua furushi, akatoa shuka moja, akalitandaza kwenye sakafu ya gereji. Shuka jeupe la kuhesabiwa na msimamizi. Akaweka mauntini, akaweka plagi, akafunga fundo. Mafuta yakapenya hapo hapo, meusi. "Funga bolti zote mbili, na silensa yangu rudisha ulipoitoa, uchomelee vizuri. Nitasimama hapa mpaka umalize. Na yako uliyonifunga, baki nayo, ikusaidie kunusa moshi."

Akasimama. Hakukaa kwenye kiti walichomletea, wala hakunywa soda.

*

Kilima walikipanda kimya. Mguu ulikaza, gari likaitika, sakafu ikatulia kama sakafu ya nyumba. Moshi hakuna. Nusu ya njia Sikio akatoa kiwiko nje ya dirisha, akainamisha kichwa.

"Mnakumbuka," alisema, "mimi tangu mwanzo nilisema ni kitu cha chini."

Baba Pacha alimwangalia. Akarudisha macho barabarani. Alikuwa kaka yake mkubwa.

Nyuma, Mama Pacha akalipakata lile furushi dogo la chuma, akalishika kama mtoto.

Walipofika, Sikio alishuka nao, kwa kuwa ilikuwa saa ya kula na yeye saa hiyo hakuwahi kuikosa katika nyumba ile. Wakanawa, wakakaa mezani. Chakula Mama Pacha alikuwa amekipika alfajiri, sasa kinapashwa moto jikoni, mapacha walishakula cha kwao, wale hawana kosa. Akaleta sahani mbili, kila moja imefunikwa na sahani nyingine, kama wageni wa heshima.

"Karibu chakula, shemeji," alisema.

"Ahsante, shemeji. Ndiyo maana nakupenda, huna kinyongo." Sikio akafunua.

Kwenye sahani, katikati, ilikuwa mauntini. Aliiweka vizuri, na kijiko pembeni.

Sikio akatazama mauntini. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amefunua yake, anatazama plagi nne zimepangwa.

"Kula, shemeji," Mama Pacha alisema. "Ni hela yangu hiyo. Ni mashine yangu. Umeila wiki tatu, malizia. Sikiliza na sauti yake ikiingia."

"Unanitukana mbele ya mdogo wangu?"

"Nakupakulia."

Sikio akasimama. Alisubiri mdogo wake aseme neno. Alisubiri muda mrefu wa kutosha kwa mtu yeyote mwenye neno kulisema. Kisha akachukua kofia yake, akatoka, na pale nje wakamsikia akisimama kidogo karibu na gari, halafu akaenda kwa miguu.

Baba Pacha alibaki na plagi zake. "Na mimi?" aliuliza.

"Wewe zaidi. Yule ni kaka yako. Mimi nilikuwa nakaa nyuma yako, umbali wa kipande hiki. Nilikuwa nasemaje?"

"Mama Pacha..."

"Nilikuwa nasemaje?"

Akajikuna shingo. "Ulisema sauti iko nyuma."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema..." Akaiangalia meza. "Ulisema, sauti iko chini yangu."

"Rudia."

"Sauti iko chini yangu."

Mama Pacha akaenda jikoni. Baba Pacha akasikia mwiko kwenye sufuria, akasogeza plagi pembeni, akakaa sawa. Mkewe akarudi na sahani moja, imejaa, inatoa mvuke. Akaiweka mbele yake mwenyewe, akakaa, akaanza kula. Uani mabeseni saba yalikuwa yamejaa, na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Lile shuka la mafuta," alisema anatafuna, "utalifua wewe. Kwa mkono. Na ukimaliza niletee nilinuse."